Tope Kwenye Mkasi wa Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na safari hii imekuja na virago vyake. Imekuja kukaa.

Asubuhi mwalimu wa zamu alisimama langoni kukagua viatu. Wenye tope wanawekwa kando ya mlingoti wa bendera hadi kengele ya pili, na kila anayepita anawatazama kuanzia chini. Mimi nilipita salama. Nilivaa ndala hadi barabara ya lami, nikabadilisha kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Lakini wakati wa kurudi mvua ilinikuta njiani, na nikaingia na viatu kwenye tope lile lile ambamo jirani hupitisha mbuzi wake.

Soli ya viatu vyangu ina meno. Tope likikauka katikati ya meno hayo, kijiti kinavunjika na kisu cha jikoni hakiingii. Kinachoingia vizuri ni ncha ya mkasi wa mama.

Mama ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha mbele, na mkasi wake mkubwa unaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani. Haukati karatasi, haukati kamba, haukati kucha. Unakata kitambaa tu. Hata baba akirudi kutoka safari zake za lori anatania kwamba anaomba ruhusa ya kuutazama.

Nilingoja mama aingie kuoga. Nikachokoa tope, nikaufuta mkasi kwa upindo wa sketi, nikaurudisha mahali pake. Uling'aa kama kawaida. Sikukata chochote, kwa hiyo sheria sijaivunja.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Viatu. Mkasi. Leo nilikuwa mwepesi zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Limejulikana.

Mama ana mimba. Mimi niko kidato cha tatu na mama amevuka miaka arobaini. Kati yangu na huyu anayekuja walikuwepo wawili ambao hawakukaa, na nyumbani hawazungumzwi. Nilijua tangu likizo, nikawa naomba tu shule isijue. Leo mama alileta sare za kwaya alizoshona, akakatiza uwanja mzima wakati wa mapumziko, kifurushi kichwani na tumbo mbele.

Yuko mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu hana pa kumzimia. Akasema, "Jamani, mama yake amemeza tikiti zima?" Kisha akanigeukia, "Au anakubebea wewe mimba yako?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo nililotaka kuandika, mengine ni maelezo tu. Nilicheka.

Jioni mama aliniuliza, "Mbona leo ulijifanya hukuniona?"

Nikamjibu jua lilikuwa machoni.

"Jua lipi?" akasema, akaendelea kushona. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeosha vyombo vyote, nimefua na mapazia, bila kutumwa. Mama ameuliza kama nimefeli mtihani.

Jumatano, 20 Machi

Zahanati wanataka kila mjamzito aje na mtu wa kumsindikiza, ili mafunzo yasikiwe na masikio ya watu wawili. Baba yuko safarini, kwa hiyo nikaenda mimi, tena na sare.

Chumba cha mafunzo kina pazia badala ya mlango. Mama aliingia. Mimi nilikuwa nimeshika pazia ili nimfuate, nikamwona mamake Redio kwenye foleni ya dirisha la dawa. Nikaliachia pazia. Nikasimama nalisoma bango la kunawa mikono. Ndani nikamsikia muuguzi akiuliza, "Na mama huyu kasindikizwa na nani?" Bango lile nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote. Kisha nikasogea kwenye foleni ya dawa, kama mtu aliyekuja peke yake kwa shida yake ya kichwa. Mamake Redio alinisalimia. Nikamwitikia kwa adabu zote.

Mama alipotoka alinishika bega. "Umesikia aliyosema kuhusu kitovu? Mtoto akizaliwa njiani?"

"Nimesikia."

"Afadhali. Mvua imepiga bati pale, mimi nimeokota neno hapa neno pale. Leo wewe ndiye masikio yangu."

Nilitaka kumwambia palepale. Lakini mamake Redio alikuwa bado hajaondoka.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepata alama zote kwenye jaribio la biolojia. Swali gumu lilikuwa la pepopunda. Niliandika kwamba vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi, kwamba huvumilia sana hata joto, na kwamba mtoto mchanga huambukizwa kitovu chake kikikatwa kwa kifaa kichafu. Mwalimu alilisoma jibu langu mbele ya darasa na kusema hivi ndivyo anavyoandika mtu anayetaka kuwa daktari.

Nilifika nyumbani nikiruka madimbwi kwa furaha. Baadaye nikachokoa viatu.

Jumatatu, 1 Aprili

Shangazi amewasili, dada mkubwa wa baba, ili asaidie mama anapokaribia. Ana sanduku moja na maneno ya masanduku kumi. Ananiita Daktari. "Daktari, chai iko wapi? Daktari, huyu mgonjwa wako mbona anashona badala ya kulala?" Mama anacheka mpaka anashika mbavu. Sikumbuki mara ya mwisho mimi kumchekesha mama hivyo.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua tu.

Jumatatu, 8 Aprili

Redio amenisalimia, "Habari za mtoto wetu?" Sikucheka, lakini pia sikusema kitu. Sijui ninapaswa kupata alama ngapi kwa hilo.

Shangazi nusura anifumanie na mkasi. Nilisema naupangusa vumbi. "Vumbi, na mvua hii?" akasema. Nadhani ukoo wetu una watu wepesi kugundua hali ya hewa.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Shule ilituruhusu mapema kwa sababu maji yaliingia madarasani. Nilipofika nyumbani mfereji mkubwa ulikuwa umefurika, na yale mabamba ya zege ya kuvukia kwenda upande wa zahanati hayaonekani. Mama alikuwa amesimama, ameshika meza ya kupigia pasi kwa mikono miwili, hapigi pasi.

"Imeanza tangu saa ngapi?" nikauliza.

"Tangu ulipoondoka," akasema. "Nilidhani itanisubiri nimalize gauni la watu."

Simu ya mama ilikuwa imezima, umeme ulikatika juzi. Ya shangazi iliita zahanati na haikupokelewa. Shangazi akatoka hadi mferejini, akarudi amelowa hadi kiunoni. "Hapapitiki. Na huyu wa ndani hana habari ya mafuriko, anataka kutoka leo."

Sitaandika yote. Niliambiwa nishike taa, nikashika taa. Niliambiwa nimshike mama mgongo, nikamshika. Nilikuwa nimesoma hatua zote kitabuni, na kitabu hakikuwa na sauti. Halafu mtoto akatoka mara moja, mwekundu, amekunja uso kama mtu aliyeamshwa bure, akalia. Msichana. Shangazi akampangusa, akamlaza juu ya kifua cha mama, wakafunikwa pamoja. Baada ya muda kondo la nyuma nalo likatoka lote. Shangazi akaliweka kwenye beseni ambalo mama huwekea vipande vya vitambaa. Ile kamba ikabaki imetoka kwenye beseni hadi tumboni kwa mtoto, nene kuliko nilivyodhani, imejisokota.

"Haya," shangazi akasema. "Tukate."

"Ngoja," mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Muuguzi alisema jambo. Alisema msikate... Msikate kabla ya nini? Au msikate na nini?"

"Muuguzi hayupo hapa, wifi yangu. Ukiliacha hivi, kondo litamnyonya mtoto damu irudi kulekule."

"Muulize binti yangu. Yeye alikuwepo."

Shangazi akanigeukia. "Ehe, Daktari. Sema basi, mtoto asije akapoa. Tukate au tusikate?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. Nadhani hata mtoto alinyamaza, ingawa hilo labda nimeliongeza baadaye. Sikuwa na kitu kichwani isipokuwa bango la kunawa mikono. Nikakumbuka kitabu cha biolojia, nikapata ule mchoro wa pepopunda, nikasema kwa sauti ya darasani:

"Alisema kikatwe kwa kitu safi."

"Si nilisema mimi!" Shangazi alishaanza kutafuta. "Nyembe za kaka yangu zina kutu, hizo zitupwe. Kisu kimetoka kukata vitunguu." Kisha akainua macho juu ya cherehani, na uso wake ukafunguka. "Kwani katika nyumba hii kuna kitu kisafi kuliko mkasi wa mama yako? Mkasi ambao hata karatasi haujaigusa!"

Akautoa kwenye msumari.

Mama hakupinga tena. Alikuwa ameuliza masikio yake, nayo yalikuwa yamejibu.

Shangazi akaupitisha mkasi juu ya mwali wa mshumaa, upande huu na upande ule, haraka, kwa sababu jiko la mkaa lilikuwa limelowa na hapakuwa na maji ya moto. Akafunga kitovu kwa uzi wa kushonea mahali pawili. Mimi nilikuwa nimeshika taa, na taa ilikuwa inamulika skrubu ya mkasi, pale vipande viwili vinapokutana. Kuzunguka skrubu kulikuwa na mstari wa kahawia. Nikajiambia ni kutu. Nikajiambia moto umeshapita. Nikajiambia hakuna atakayejua kamwe, na hilo lilikuwa kweli. Aibu ina sauti yenye akili sana, inajua kujenga hoja.

Mkasi ukafunguka. Kitovu kikaingia katikati.

"Shangazi, usikate."

"Nini tena?"

"Mkasi si safi."

"Nani kasema si safi?"

"Mimi. Nauchokolea viatu."

"Unauchokolea nini?"

"Viatu vya shule. Tope. Tangu mvua zianze."

Shangazi alibaki ameinama, mkasi uko wazi mkononi, kama mtu wa kwenye picha. Mtoto akapiga chafya.

"Na zahanati?" shangazi akauliza taratibu. "Hayo uliyotuambia ya zahanati?"

"Sikusikia lolote. Sikuingia ndani. Nilikaa nje."

Sikuweza kumtazama mama. Nilitazama mkono wake. Ulikuwa mgongoni kwa mtoto, na haukusogea.

Shangazi akauweka mkasi chini, mbali. "Basi sasa, Daktari, nikate kwa meno?"

Nilikuwa nalia, lakini nilisema, na nilisema nilichokijua tu, bila kuongeza. Kwamba lini kikatwe, sijui. Kwamba udongo wa wanyama ukiingia kitovuni unaua mtoto, hilo najua. Kwamba anapumua, amepata joto, havuji damu popote. Nikakishika kitovu. Kilikuwa kimelegea, hakidundi tena. "Hakuna kinachomdhuru kwa kutokukatwa," nikasema. "Ila kukatwa na mkasi huu kunaweza."

"Hatukati," mama akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Mfungeni alivyo."

Ndipo nikafikiria njia, na hili pia naliandika ingawa ningependa niliache. Nikafikiria mimi nikipita mtaani na lile beseni, na kwa kitambo kidogo nikatamani shangazi angekata bila kuniuliza.

Maji ya mfereji yalipopungua tukamwita muuza maji, ambaye mkokoteni wake una magurudumu makubwa ya gari. Hana kazi msimu huu. "Mama Fundi," akasema, "mwezi mzima mbingu inanipokonya wateja, leo ndiyo imeniletea." Tukamlaza mama juu ya godoro, mtoto kifuani, nailoni juu. Beseni halikuweza kuwekwa chini kwa sababu mkokoteni ulikuwa unarushwa na mashimo, na kitovu kingevutika. Ilibidi mtu atembee ubavuni, amelishika usawa wa mtoto. Shangazi alikuwa anasukuma nyuma. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi walikuwa wamejikinga mvua watu wote duniani. Sare za shule zilikuwa nyingi. Mkokoteni ukakwama palepale.

"Wee! Umebeba nini kwenye beseni?" Alikuwa Redio.

Kulikuwa na kitambaa juu. Ningeweza kusema nguo.

"Kondo la nyuma," nikasema. "Limeungana na mdogo wangu, halijakatwa. Shuka usaidie kusukuma, au nyamaza."

Nilimwona Redio amezima, kwa mara ya kwanza. Hakushuka. Wavulana wawili ndio walishuka, na mtu mwingine nyuma alicheka, na mashavu yangu yaliwaka njia nzima. Sikuwa jasiri. Nilikuwa tu nimeshika kitu ambacho hakiachiliwi.

Zahanati muuguzi alifunua shuka, akatazama beseni, akatazama mtoto. "Nani aliwaambia msikate?"

"Tope," shangazi akasema.

Muuguzi hakuelewa na hakungoja. "Ndivyo nilivyowafundisha. Kama hamna kifaa safi, msikate kabisa. Mtoto na kondo lake mnawafunika pamoja, mnakuja. Hakuna haraka." Akachukua kibanio kipya kutoka kwenye pakiti, na mkasi mwingine, mdogo, mkavu. Nilidhani sauti itakuwa kama ya kitambaa. Ilikuwa kama ya kukata mpira wa bomba.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama na mtoto wamerudi. Mama amesema "asante" nilipompa maji. Hajasema kingine.

Jumapili, 14 Aprili

Mkasi haupo kwenye msumari. Sijauliza.

Jumatano, 17 Aprili

Kila saa namwangalia mtoto mdomo. Kitabu kinasema dalili ya kwanza ni kushindwa kunyonya. Shangazi ameniambia, "Mwache mwenzio anyonye bila mkaguzi." Ananyonya vizuri.

Alhamisi, 18 Aprili

Kitovu kimedondoka. Kidogo, cheusi, kikavu. Shangazi amenionyesha kwenye kiganja na hakuniita Daktari.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama ameongea.

Alikuwa ananyonyesha kitandani, mimi nakunja nepi. Bila kunitazama akasema, "Ile siku ya zahanati nilijua hukuingia."

Nepi ikanidondoka.

"Niliviona viatu vyako chini ya pazia. Vilikuwa safi kuliko vya watu wote pale, nikashangaa huyu mtoto anatembea hewani au vipi." Akamhamishia mtoto upande wa pili. "Nikajisemea, ana haya na tumbo langu, hata mimi nilikuwa na haya nalo. Si kitu. Nikadhani pazia linazuia macho tu."

Alipomwambia shangazi aniulize mimi, alikuwa anaamini nilikuwa nje ya pazia nikimsikilizia. Hakujua nilisogea hadi dirisha la dawa. Nikamwambia. Nikamwambia na kicheko cha darasani pia, cha siku ile ya sare za kwaya.

Alimfunika mtoto miguu. Nilikuwa tayari kwa kofi, na naamini ningelipokea kwa shukrani.

"Hicho kicheko kimeniuma," akasema. "Mkasi haukuniuma hivyo."

Kisha akanipa mtoto nimcheulishe.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua inachoka. Redio ameniuliza mtoto anaitwaje, na nadhani alikuwa anauliza kweli. Nimemjibu hajapewa jina, tunamngoja baba.

Jumatano, 8 Mei

Siku ya chanjo. Niliingia ndani na kukaa benchi la mbele. Muuguzi alipouliza mama huyu kasindikizwa na nani, nilisimama mapema mno, kabla hajamaliza swali, na watu wakacheka. Nilikaa chini mashavu yakiwaka. Nilisikiliza kila neno.

Jumamosi, 18 Mei

Jua la kutosha. Njia imekauka, na kwato za mbuzi zimebaki zimechorwa kwenye udongo mgumu.

Mnoa visu amepita na baiskeli yake, akaweka gurudumu la kunolea chini ya ukuta wetu. Mama akatoka na mtoto mgongoni, na mkononi alikuwa na mkasi. Ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa sandukuni muda wote huu.

Akaniita nisimame karibu. Sikupenda, nikasimama.

Mnoa visu akafungua skrubu, akavitenganisha vile vipande viwili, akavigonga juu ya turubai lake jeupe. Kikadondoka kipande cha tope kikavu, bapa, kama ukucha wa dole gumba. Ndani yake kulikuwa na unyasi mmoja.

Akakiokota, akakitazama dhidi ya jua. "Mama Fundi, mkasi huu unalima?"

"Unasoma," mama akasema. "Uko kidato cha tatu."

Mnoa visu alicheka sana bila kujua anacheka nini. Mama pia alicheka, na alishika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilikuwa nimemchekesha mama.

Mkasi uliponolewa akalipa, akaupokea, akajaribu makali kwenye pindo la kitambaa. Ukapita kimya. Halafu akanikabidhi mimi.

"Ukautundike," akasema.

Nikauingiza ndani, ncha zikiwa chini, kwa mikono miwili. Nilipomaliza kuutundika, kando ya mlango nikakuta msumari mwingine mdogo, mpya. Kimetundikwa kijiti cha bati kilichochongwa ncha nyembamba, kimekunjwa kwa nyundo na kufungwa uzi mweusi wa cherehani kwenye mpini. Nikakijaribu kwenye soli. Kinaingia kila jino.